Kompyuta Inapogoma Baada ya Kuongezwa Memori

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Mumbuni, Machakos, kuhusu utunzaji wa kompyuta



Mada ya leo inahusu kisa ambacho kila mwenye kompyuta ya zamani huenda kikampata. Kompyuta ilikuwa polepole lakini ilikuwa inafanya kazi. Mwenyewe akaambiwa aongeze memori, ile ambayo mafundi huiita RAM. Akanunua kipande, kikawekwa, na siku ya kwanza mashine ikaenda kasi hadi akafurahi. Siku ya pili ikazima yenyewe. Siku ya tatu ikaganda katikati ya kazi, ikaonyesha skrini ya buluu yenye maneno yasiyoeleweka, ikajiwasha upya. Sasa amelipa fedha ili awe na mashine mbovu kuliko aliyokuwa nayo.

Katika Wadi ya Mumbuni Kaskazini na kwingineko katika kaunti, huu si usumbufu wa mtu mmoja. Mwenye saiba anahudumia watu wanaotafuta huduma za eCitizen, wanaojiandikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, vijana wanaojaza fomu za mkopo wa HELB, na wafanyakazi wanaowasilisha ripoti zao za kodi kwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Mashine ikizima fomu ikiwa imejazwa nusu, mteja anaanza upya, na foleni nyuma yake inangoja. Ikizima usiku wa siku ya mwisho, kuna atakayetozwa faini. Katibu wa chama anayeweka hesabu za wanachama katika kompyuta naye ana hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, na itaelezwa baadaye kidogo.

Kwanza, ni kwa nini watu wengi wanaongeza memori wakati huu? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Wengi wameshawishika kuhamia Windows 11, nayo inataka memori isiyopungua gigabaiti 4. Kwa ukweli, gigabaiti 4 ni za kuivumilia tu; mtu akifungua kurasa chache za intaneti, zimekwisha. Ndipo watu wanatafuta kipande cha gigabaiti 4 au 8 cha kuongezea. Hapa pana tahadhari ya mapema: memori peke yake haifanyi kompyuta ya zamani ikubaliwe na Windows 11. Microsoft inataka pia prosesa iliyo katika orodha yake na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kabla ya kununua chochote, hakikisha kama mashine yako itakubaliwa, la sivyo utaongeza memori kwa sababu ambayo haipo.

Tena, kompyuta nyingi zinazotumika hapa ni zile tunazoziita ex-UK, zilizotumika ofisini ng'ambo zikaletwa Kenya. Si kitu cha kudharau. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilizipa shule nyingi nchini mashine za kwanza kwa njia hiyo hiyo, ya kukarabati zilizotumika. Lakini memori ya kuongezea mashine kama hizo mara nyingi nayo imetumika, imetolewa katika mashine nyingine, ikakaa ndani ya sanduku dukani pamoja na vipande vingine vya kila aina. Na kwa vile bei ya memori mpya duniani ilianza kupanda sana mwishoni mwa 2025, viwanda vikipendelea kuuzia vituo vikubwa vya data vya akili mnemba, kipande kilichotumika kitaendelea kuwa kimbilio la wengi. Desemba 2025 kampuni ya Micron hata ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia watu wa kawaida memori zake za jina Crucial. Kwa hiyo ni vizuri mnunuzi ajue anachonunua.

Memori hufanya kazi gani

Diski ni kabati ambamo faili hukaa hata stima ikipotea. Memori ni meza ambayo kazi inafanyiwa wakati huu. Kila unachofungua hutolewa kabatini kikawekwa mezani, na mezani ndipo kinapoandikwa na kuhesabiwa kabla ya kurudishwa. Meza ikiwa ndogo, kompyuta inatumia muda mwingi kwenda na kurudi kabatini, ndiyo sababu inakuwa polepole.

Meza hiyo imeundwa na visanduku vidogo mno. Kipande kimoja cha gigabaiti 8 kina visanduku zaidi ya bilioni 68, na kila kimoja kinashika chembe ya umeme au kiko kitupu. Muundo huu ulibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1966, na bado ndio unaotumika. Visanduku hivi vinavuja, kama mtungi wenye ufa. Ili data isipotee, kompyuta inapaswa kuvijaza tena vyote kwa kawaida kila milisekunde 64. Sasa fikiria kisanduku kimoja kati ya hivyo bilioni 68 kinavuja haraka kuliko vingine. Mashine itaandika moja na kusoma sifuri. Ikiwa palikuwa na rangi ya picha, hutaona lolote. Ikiwa palikuwa na amri ya programu, programu itafunga. Ikiwa palikuwa na amri ya Windows yenyewe, Windows itasimamisha kila kitu na kuleta skrini ya buluu, kwa sababu haiwezi tena kuamini kilicho mezani.

Hili linaeleza jambo linalowachanganya watu wengi: mbona asubuhi mashine ni nzima, mchana inagoma? Asubuhi kazi ni kidogo na kisanduku kibovu hakijaguswa. Mchana programu ni nyingi, meza imejaa hadi pembeni, na pembeni ndipo palipo na shimo. Memori mbovu haina adabu ya kugoma kila mara. Ndiyo maana mtu anaweza kujaribu kipande dukani kwa dakika 5, akaridhika, akafika nyumbani na tatizo.

Wala si kweli kwamba memori ikizidi huichosha kompyuta. Kauli hiyo husikika sana. Kuna kikomo ambacho mazabodi inakubali, na ukikivuka mashine huenda isiwake kabisa au isione ziada. Pia Windows ya biti 32 kwa kawaida haitumii zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiweka 16. Nyingine hukaa bure. Lakini memori nyingi inayolingana na mashine haiiharibu.

Okoa kazi kwanza, lakini kwa mpangilio

Kompyuta ikianza kugoma baada ya kuongezwa memori, watu wengi hukimbilia kunakili faili zote katika flashi. Nia ni njema, ila mpangilio una makosa. Faili ikinakiliwa hupita mezani, yaani hupita katika memori ile ile inayoshukiwa. Inaweza kufika kwenye flashi ikiwa imeharibika, na ukiiandika juu ya nakala yako ya zamani iliyokuwa nzima, umezipoteza zote mbili. Zima mashine, toa kipande kipya, iwashe kwa memori yake ya awali, kisha nakili. Na nakala mpya ipewe jina lake, isifute ile ya zamani.

Hapa ndipo ilipo ile hatari ya katibu wa chama. Kuzima ghafla kunaonekana. Kosa la hesabu halionekani. Mwaka 2003, tarehe 18 Mei, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mtaa wa Schaerbeek uliopiga kura kwa kompyuta ulimpa mgombea mmoja kura 4,096 za ziada. Ziligunduliwa kwa sababu tu alikuwa amepata nyingi kuliko ilivyowezekana kwa hesabu ya chama chake. Wataalamu walipochunguza programu hawakuona kosa, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba chembe moja ya memori iligeuka kutoka sifuri kuwa moja. Katika hesabu za kompyuta, kisanduku cha kumi na tatu kikigeuka, nambari inaruka kwa 4,096 kamili. Chembe ile haikuhitaji kipande kibovu. Hata memori nzima hugeuka mara moja moja. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wa mashine nyingi za Google, wakaona kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya memori vilikuwa na hitilafu katika mwaka mmoja. Mashine hizo kubwa zina memori ya kujisahihisha. Kompyuta ya saiba au ya ofisi ya chama haina.

Kwa hiyo, ikiwa hesabu za akiba na mikopo zimekuwa zikiandikwa katika mashine iliyokuwa ikigoma, zilinganishwe na daftari au na jumbe za M-Pesa za siku hizo, mstari kwa mstari. Kazi hii inachosha. Lakini ni afadhali kuchoka sasa kuliko mwanachama kugundua mwisho wa mwaka wakati wa kugawana.

Hatua za kutafuta kosa

Kipande kipya kikiwa kimetolewa, itumie mashine kwa kazi ile ile iliyokuwa ikiigomesha, kwa siku moja au mbili. Usikimbilie kitu kingine. Jaribio hili lisilo na gharama ndilo linaloeleza mengi kuliko yote. Ikiwa haigomi tena, kosa liko kwenye kipande kipya, kwenye sloti kilimowekwa, au katika kutopatana kwake na kile cha zamani. Ikiwa bado inagoma, acha kulaumu memori. Kumbuka kwamba mashine ilifunguliwa. Mkono uliogusa memori huenda ulilegeza kebo ya diski, au ulisukuma vumbi kwenye feni, na mashine inayochemka nayo huzima yenyewe. Pengine ni pawasapulai iliyochoka, au diski inayokufa, na siku ya kuongezwa memori ilisadifu tu.

Tuseme haigomi. Sasa rudisha kipande kipya, lakini taratibu. Chomoa waya wa stima kabisa. Kuzima kwa swichi hakutoshi. Kama ni laptopu, izime kwa kuchagua kuzima hasa, si kuilaza kwa kufunika kifuniko, na utoe betri ikiwa inatoka. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe. Gusa sehemu ya chuma ya mashine kabla ya kushika memori, na uishike kwa kingo. Ukavu wa Ukambani, hasa miezi ya Agosti na Septemba, hufanya sweta na zulia vizae umeme wa msuguano ambao hutausikia mwilini lakini chipu itausikia. Ile tabia ya kuweka memori mfukoni mwa koti la sufi ukipanda matatu kutoka mjini haifai hata kidogo.

Tazama meno ya rangi ya dhahabu yaliyo ukingoni mwa kipande. Kama yana weusi au alama za vidole, yasugue polepole kwa raba safi ya penseli, upulize vumbi la raba, au uyapanguse kwa kitambaa kilicholowa alkoholi ya isopropili. Si maji, si mafuta ya taa. Kisha pulizia sloti hewa, weka kipande ukilinganisha mwanya wake na kizuizi cha sloti, na ukisukume hadi vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa mlio. Visa vingi huishia hapa. Kipande kilichoingia upande mmoja tu huweza kufanya kazi kikiwa baridi, na kikipata joto kidogo kinapoteza mguso, mashine inazima.

Ikiendelea kugoma, jaribu kimoja kimoja. Kipande kipya peke yake katika sloti ya kwanza, kisha peke yake katika sloti ya pili. Fanya hivyo hivyo kwa kile cha zamani. Andika matokeo kwenye karatasi, maana baada ya mara ya tatu kila mtu husahau. Kipande kinachogomesha mashine katika kila sloti ni kibovu au hakifai mashine hiyo. Sloti inayogomesha kila kipande ni mbovu, na hilo ni jambo la mazabodi. Kubadilisha memori mara kumi hakutasaidia. Na ikiwa kila kimoja kinafanya kazi vizuri peke yake lakini vikiwa pamoja vinagoma, basi vyote ni vizima, ila havipatani.

Kuna vipimo vya kusaidia pia, vyote vya bure. Windows ina chake: bonyeza kitufe cha Windows, andika mdsched, ubonyeze Enter, na mashine itajiwasha upya na kupima. Kilicho kikali zaidi ni Memtest86+, ambacho huwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kabla ya Windows kuanza. Kiache kipime usiku kucha. Stima ikipotea katikati, anza tena. Kosa moja tu likionekana, kipimo kimekwisha: hakuna kiwango cha makosa yanayokubalika katika memori. Lakini kipimo cha dakika 10 kisichoonyesha kosa hakijathibitisha uzima. Kipime kila kipande peke yake, la sivyo utajua kuna kibovu bila kujua ni kipi.

Kusoma kibandiko

Kutopatana ndiko kunakoweza kuepukwa kabla fedha hazijatoka mfukoni, na dawa yake iko kwenye kibandiko cha memori.

Memori zina vizazi: DDR3, DDR4, DDR5. Mwanya wa kila kizazi uko mahali tofauti, kwa hiyo cha kizazi kingine hakiingii. Kikikataa kuingia, usikilazimishe. Wapo waliovunja sloti hivyo. Shida halisi iko ndani ya kizazi kimoja. Memori ya DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5. Iliyo na herufi L, yaani DDR3L, hutumia volti 1.35. Kwa macho zinafanana, na mwanya wake ni ule ule. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne zinataka ile ya L peke yake. Ukiweka ya volti 1.5 huenda isiwake, au iwake na kugoma kila wakati. Kwenye kibandiko tafuta PC3L. Ukiona PC3 bila L, hiyo ni ya volti 1.5.

Mfano ulio mikononi mwa wengi hapa ni HP EliteBook 840. G1 na G2 zinatumia DDR3L, lakini G3 inatumia DDR4. Ukimwambia muuzaji "nataka ya EliteBook 840" bila kutaja herufi na nambari inayofuata, umemwachia abahatishe, na hasara ya kubahatisha si yake.

Herufi ya mwisho nayo inasema kitu. PC3-12800S ni ya laptopu. PC3-12800U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani. Ikiishia na R, imetoka kwenye seva, na kompyuta ya kawaida haitaikubali hata kama inaingia sloti vizuri. Ukiona kipande cha gigabaiti 8 au 16 kinauzwa kwa bei ya kutupa, tafuta herufi hiyo kwanza.

Kasi ina nafuu kidogo. Kipande cha 2400 kikiwekwa pamoja na cha 2133, kwa kawaida vyote vinaenda kwa kasi ya kile cha polepole. Kama bado vinagoma pamoja, ingia katika baiosi ya mashine na urudishe mipangilio ya kiwandani, hasa ikiwa kuna mtu aliyewahi kuongeza kasi ya memori kwa kuwasha kile kinachoandikwa XMP. Wakati mwingine baiosi mpya kutoka kwa mtengenezaji huondoa tatizo la kutopatana, lakini usiisasishe mashine ikiwa ingali inagoma, wala bila UPS au betri iliyojaa. Stima ikikatika wakati baiosi inaandikwa, mashine huenda isiwake tena. Njia iliyo salama kuliko zote ni kununua vipande viwili vinavyofanana kabisa na kuondoa kile cha zamani, kama uwezo upo.

Unapofika kwa fundi

Ushauri ambao mwenye kompyuta huusikia mara kwa mara ni "apigiwe Windows upya". Wakati mwingine ni sawa. Lakini kupiga Windows upya juu ya memori mbovu ni kujenga juu ya mchanga unaohama: faili za Windows zenyewe zinapita katika meza yenye mashimo, zinaingia diski zikiwa na kasoro, na mashine inarudi kugoma baada ya wiki, sasa bila picha na hati zako. Windows ipigwe memori ikishapimwa, si kabla. Mwulize fundi kwa heshima kama amepima, na amepima kwa nini. Fundi mzuri hakasirishwi na swali hilo. Mpe pia ile karatasi ya matokeo, na umwambie maneno yaliyokuwa kwenye skrini ya buluu. MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA mara nyingi huelekeza kwenye memori, ingawa dereva mbovu au diski nazo huweza kuyaleta. Piga picha skrini kwa simu.

Kabla ya kuacha mashine kwa fundi, fikiria kilichomo ndani. Saiba nyingi zina nakala za vitambulisho, vyeti vya KRA na matokeo ya mitihani ya mamia ya majirani, zimelala kwenye diski tangu mwaka juzi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data za watu azilinde na asizikae nazo kuliko inavyohitajika. Kilichokwisha kazi kifutwe, kinachobaki kihamishwe. Kwa tatizo la memori, fundi hahitaji nywila za barua pepe yako wala diski ya nje yenye nakala. Mara nyingi hahitaji hata diski ya ndani, kwa kuwa Memtest86+ inaendeshwa bila hiyo.

Kuhusu dukani: dai risiti iliyoandikwa aina ya memori, ukubwa wake na siku za dhamana. Kibandiko kipigwe picha papo hapo, mbele ya muuzaji, kusiwe na mabishano baadaye kama kipande ulichorudisha ndicho ulichouziwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaofaa, na maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani hayaifuti sheria hiyo. Hata hivyo, mnunuzi aliyeomba DDR3 na akapewa DDR3 nzima isiyofaa mashine yake ana kesi dhaifu. Ndiyo maana risiti iandikwe pia mashine inayonunuliwa kipande hicho: "ya EliteBook 840 G1". Maneno manne, na mzigo wa kuhakikisha unakuwa wa wote wawili. Kipime siku ile ile ulipofika, usingoje, kwa sababu dhamana nyingi za vitu vilivyotumika ni za siku chache.

Kipande kilichothibitika kuwa kibovu kisirudishwe ndani ya droo pamoja na vizima. Kiwekee alama ya kalamu isiyofutika, maana kuna siku mtu atakipata akidhani ni bahati, na mashine nyingine itaanza kugoma. Kisichomwe pamoja na takataka za shambani. Moshi wake una sumu. WEEE Centre ya Nairobi hupokea taka za kielektroniki, na saiba kadhaa za Mumbuni zinaweza kukusanya zao pamoja hadi pawe na mzigo unaostahili safari moja.

Aliye na mashine inayogoma wakati huu aisogeze mbele, na wenye maswali wainue mikono.